Sura ya Tano: Walio Hai Chini ya Nyasi

Kisiwa cha Funzi kiko kusini mwa Msambweni, mkabala na kijiji cha Bodo, kwenye ghuba ambamo Mto Ramisi unamwaga maji yake. Anayevuka kwa mashua kutoka Bodo huenda kutazama mikoko, pomboo, na mafungu ya mchanga yanayochomoza maji yanapokupwa. Nyasi hazitazami. Nazo ziko kila mahali. Nyuma ya mikoko, pale maji ya bamvua yanapofika mara moja moja, zimeota zile zinazovumilia chumvi. Chini ya minazi umetanda ukoka. Na kwenye mashamba yaliyoachwa yapumzike, majani marefu hurudi mvua ya masika ikianza, bila kupandwa na mtu wala kutiwa samadi.

Zinapata wapi chakula? Swali hili lina uzito, kwa kuwa udongo wa pwani ya kusini ni mgumu kwa mmea. Karibu na bahari ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, umejaa kalisi. Ukipanda kuelekea bara, ukapita Nguluku na kukaribia Milima ya Shimba, unaingia kwenye udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi. Aina hizi mbili za udongo hazifanani kwa rangi wala kwa asili, ila zina tabia moja: zote zinaishikilia fosforasi. Kwenye matumbawe hushikwa na kalisi, kwenye udongo mwekundu hushikwa na chuma na alumini. Fosforasi ipo, lakini iliyo huru ndani ya maji ya udongo ni kidogo mno.

Mmea hauwezi kuishi bila fosforasi. Ndiyo inayounda sehemu ya DNA, ndiyo iliyomo katika utando wa kila seli, na ndiyo inayobeba nishati kutoka kazi moja hadi nyingine mwilini mwa kila kilicho hai. Naitrojeni ya aina ya naitreti husafiri na maji mpaka ikaufikia mzizi. Fosforasi haisafiri hivyo. Mzizi ukishanyonya ile iliyo karibu, unabaki umezungukwa na ukanda mwembamba uliokaukiwa, upana wake milimita moja au mbili tu. Ng'ambo ya ukanda huo fosforasi iko, na mzizi hauifikii.

Anayeifikia ni kuvu.

Ndani ya mzizi

Tunaposema kuvu, wengi wetu tunafikiria uyoga unaochipuka kwenye kichuguu baada ya mvua, au ukungu juu ya mkate. Kuvu za mizizi ya nyasi haziko hivyo. Hazitoi uyoga kamwe. Maisha yao yote yamo udongoni na ndani ya mizizi, na ndiyo maana wakulima na wafugaji wameishi nazo vizazi na vizazi bila kuziona. Misitu yetu ina aina nyingine: mrihi wa Arabuko-Sokoke na mbambakofi wa Shimba hushirikiana na kuvu zinazoivisha ncha za mizizi kwa nje, na baadhi ya hizo hutoa uyoga. Nyasi zimechagua wenzao wengine, nao huingia ndani kabisa.

Ushirika wa kuvu na mzizi huitwa mikoriza. Ule wa nyasi ndio mkongwe na ulioenea kuliko wote: karibu aina 7 kati ya kila 10 za mimea yenye mishipa duniani wanao. Mnazi, mwembe, mkorosho, mhindi na mpunga wa nchi kavu wamo. Katika miamba ya Rhynie, huko Scotland, yamepatikana mabaki ya mimea ya kale yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, na ndani ya seli zake kuvu za jamii hii zinaonekana. Mimea hiyo haikuwa hata na mizizi ya kweli. Kwa hiyo ushirika huu ni wa zamani kuliko mizizi yenyewe, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ndio ulioiwezesha mimea kuhamia nchi kavu.

Kazi inaendeshwa hivi. Mmea unaoishiwa fosforasi hutoa udongoni kemikali ziitwazo strigolaktoni. Spora ya kuvu iliyolala karibu huzihisi, huamka na kutoa nyuzi kwa wingi. Uzi mmoja ukigusa mzizi, mmea hufungua njia, na kuvu hupenya hadi tabaka la ndani. Huko huingia ndani ya ukuta wa seli na kujigawa matawi madogo madogo kupita kiasi, yaitwayo arbaskuli. Utando wa seli ya mmea huyafuata matawi hayo na kuyavisha, hata eneo la kugusana likawa kubwa sana ndani ya nafasi ndogo. Hapo ndipo mapatano yanapotimizwa. Kuvu hutoa fosforasi, pamoja na zinki, shaba na kiasi cha naitrojeni. Mmea hutoa sukari na mafuta uliyoyatengeneza kwa mwanga wa jua. Arbaskuli moja huishi siku chache, hufa, na nyingine hutokea mahali pengine.

Nje ya mzizi, nyuzi za kuvu husambaa sentimita kadhaa na kuupita ule ukanda mkavu. Unene wake ni elfu chache za milimita, kwa hiyo hupita kwenye vinyweleo vya udongo ambavyo mzizi hauwezi kuvipita. Mvuvi wa Funzi anajua tofauti ya kuokota kwa mkono na kutega kwa jarife. Hiyo ndiyo tofauti ya mzizi mtupu na mzizi wenye kuvu. Gharama yake si ndogo. Makadirio yanaonyesha kwamba mmea huzipa kuvu kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni yote unayoinasa. Kuvu nazo hazina maisha mengine: jamii hii haiwezi kujitengenezea mafuta ya kutosha wala kuishi kwa kuozesha majani makavu. Mizizi hai ikitoweka, nazo hufa njaa.

Wito ule wa strigolaktoni una msikilizaji mwingine. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, mtama na nyasi, nalo hulala udongoni kama mbegu ndogo kama vumbi na kungoja dalili hiyo hiyo. Kemikali hizi zilitambuliwa kwanza kwa ajili yake, katika miaka ya 1960, na ndizo zilizopewa jina la jenasi yake, Striga. Kwa miaka karibu 40 hakuna aliyeeleza kwa nini mmea utoe kitu kinachomwamsha adui yake. Mwaka 2005 wanasayansi wa Japani, wakiongozwa na Kohki Akiyama, walionyesha kwamba wito ule ni wa kuvu. Kiduha ameudukiza tu. Hii inaeleza jambo wanalolijua wakulima wa Afrika yote: kiduha hushamiri penye udongo uliochoka. Udongo ukichoka, mmea huita kwa nguvu zaidi, na kama washirika wamekwisha udongoni, anayeitika ni mnyonyaji peke yake.

Jinsi ya kuwaona

Mwaka 1885 Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea huko Berlin, alichapisha maelezo ya mizizi ya miti iliyovikwa kuvu. Serikali ya Prussia ilikuwa imemwomba atafute namna ya kulima trafo, kuvu ghali ya chini ya ardhi inayoliwa Ulaya. Kilimo hicho hakukianzisha. Alichokipata ni hoja kwamba kuvu ile si ugonjwa bali mlezi wa mti, naye ndiye aliyeupa ushirika jina la mikoriza. Wenzake wengi walimpinga. Ilikuwa vigumu wakati huo kukubali kwamba kuvu iliyoingia mwilini mwa mmea inaweza kuwa na faida.

Kuvu za nyasi zilichelewa zaidi kueleweka, kwa sababu hazionekani mpaka mzizi utayarishwe. Mbinu mbili ndizo zilizofungua mlango. Mwaka 1963 J. W. Gerdemann na T. H. Nicolson walieleza namna ya kuzipata spora: udongo hukorogwa majini, huachwa mchanga mzito utuame, kisha maji hupitishwa kwenye vichujio vyenye matundu madogo zaidi na zaidi. Kinachobaki hutazamwa kwa hadubini, na hapo hutokea viduara vyeupe, vya manjano, vya kahawia na vyeusi, vingi vikiwa vidogo kuliko punje ya mchanga. Mwaka 1970 J. M. Phillips na D. S. Hayman walieleza namna ya kuzipaka rangi kuvu ndani ya mizizi. Mizizi hupashwa moto katika potasiamu haidroksidi mpaka ikawa angavu, kisha hutiwa rangi ya buluu inayozishika kuvu na kuziacha seli za mmea.

Mwaka 1998 Horst Vierheilig na wenzake walionyesha kwamba rangi ile ya maabara, yenye sumu, inaweza kuachwa. Wino wa kalamu uliochanganywa na siki unatosha. Kwangu hii ni habari kubwa kwa shule za Msambweni, Lunga Lunga na Ukunda. Shule ya sekondari yenye hadubini moja, chupa ya wino, siki ya dukani, na mwalimu wa kusimamia ile dawa ya kuangazia mizizi, inaweza kuona ndani ya mzizi wa ukoka kitu ambacho vitabu vingi vya darasani vinakipita kwa sentensi moja.

Baadaye ikaja DNA. Gramu chache za udongo hutosha kutaja kuvu zilizomo, zikiwemo zile ambazo spora zake hazijawahi kuonekana. Shirika la SPUN, lililoanzishwa 2021 ili kuzilinda kuvu za chini ya ardhi, lilitoa mwaka 2025 ramani ya dunia iliyotokana na sampuli za nchi 130. Ramani hiyo ilionyesha kwamba chini ya sehemu moja kwa kumi ya maeneo yenye utajiri mkubwa wa kuvu hizi iko ndani ya hifadhi. Tumekuwa tukilinda ardhi kwa kuhesabu wanyama na miti. Kilicho chini kimepona pale tu kilipokuwa chini ya kitu kingine tulichokithamini.

Kutoka Taita hadi Serengeti

Afrika Mashariki imechangia katika elimu hii. Kuanzia 2002 nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda, ziliingia katika mradi mkubwa wa kuchunguza viumbe wa udongoni, ulioratibiwa kutoka Nairobi na taasisi ya TSBF-CIAT. Upande wa Kenya ulichagua Embu na Taita. Dkt. Joyce Jefwa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni miongoni mwa waliozichunguza kuvu za mikoriza huko, wakilinganisha msitu, malisho na mashamba ya mahindi. Utafiti wa namna hii ni wa subira. Huchukuliwa udongo, huoteshwa mtama katika vyungu ili kuvu zizaliane, kisha huhesabiwa na kutambuliwa spora moja moja kwa umbo, rangi na tabaka za ukuta wake.

Kwenye mbuga, mahali palipofunza mengi ni Serengeti. Mwaka 1990 Samuel McNaughton na Martín Oesterheld walichapisha uchunguzi uliolinganisha wingi wa nyuzi za kuvu udongoni na lishe iliyomo ndani ya nyasi. Serengeti inafaa kwa swali hilo kwa sababu udongo wake haulingani. Tambarare za kusini mashariki zimetandikwa majivu ya volkano na zina madini mengi. Ukienda kaskazini magharibi mvua inaongezeka na rutuba inapungua. Baadaye Nancy Johnson, Anita Antoninka na Mark Ritchie waliendeleza kazi hiyo, wakitumia pia maeneo yaliyozungushiwa uzio ili wanyama wasiingie kula. Mwaka 2018 Johnson na wenzake waliingiza fosforasi inayoletwa na kuvu katika hesabu ya kompyuta ya ikolojia ya mbuga nzima. Hesabu ilionyesha kwamba bila kuvu hizo nyasi zingepungua sana, na wanyama walao nyasi wangepungua pamoja nazo, na simba nao vivyo hivyo. Nyumbu wanaovuka Mto Mara wanabeba mifupani fosforasi ambayo sehemu yake kubwa ilipitia kwenye uzi usioonekana kwa macho.

Shimba tunalo swali kama hilo, na ni letu peke yetu. Hifadhi ile, iliyotangazwa 1968, ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya. Palahala ni mla nyasi, na nyasi za Shimba zimeota juu ya udongo wa kichanga uliooshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Tukijadili uhai wa palahala tunajadili ujangili, moto, na msitu unaosogea kula uwanda. Majadiliano hayo ni ya lazima. Rutuba ya majani anayokula palahala nayo inastahili kuingia humo.

Wanaosoma haya wasidhani kwamba kuvu huipendelea mimea yote sawasawa. Katika mbuga ya Konza, jimbo la Kansas, David Hartnett na Gail Wilson walizidhibiti kuvu kwa dawa kwa miaka kadhaa. Nyasi ndefu zilizokuwa zikitawala zilipungua, na mimea midogo iliyokuwa imefinyika ikapata nafasi, hata idadi ya aina ikaongezeka. Marcel van der Heijden na wenzake walipata picha nyingine mwaka 1998: kadiri walivyoongeza aina za kuvu udongoni, ndivyo aina za mimea zilivyoongezeka. Majibu haya mawili hayagombani. Yote yanasema kwamba kuvu ndizo zinazoamua nani atawale uwandani. Nyasi za Konza zilizopungua ni za kundi la nchi za joto, lenye mizizi minene na vinyweleo vichache, linalozitegemea kuvu kuliko wengine. Ukoka, motomoto na majani marefu ya Shimba ni nyasi za kundi hilo hilo. Mahindi, mtama na miwa ya Ramisi pia.

Turudi baharini kidogo, maana Funzi ina uwanda mwingine chini ya maji. Nyasi bahari, ambazo kasa na samaki wadogo huzitegemea, si nyasi kwa ukoo, ingawa zina mizizi na maua. Kuvu za arbaskuli zilipotafutwa katika baadhi ya nyasi bahari hazikupatikana. Mimea iliporudi baharini iliuacha ushirika wa nchi kavu. Hata hivyo, mwaka 2019 Martin Vohník na wenzake kutoka Ucheki walieleza kuvu mpya yenye nyuzi nyeusi, Posidoniomyces atricolor, inayoishi katika mizizi ya nyasi bahari kuu ya Mediterania. Kituo cha KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kilichoko Gazi, mwendo mfupi kutoka Funzi, kimejijengea sifa kwa utafiti wa mikoko na nyasi bahari. Mizizi ya kuchunguza iko mlangoni pake.

Muhogo, mchicha na udongo uliofunuliwa

Kwa mkulima wa Kwale, shahidi wa karibu zaidi ni muhogo. Mizizi yake ya kunyonya ni minene na michache. Huko Colombia, katika CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto, Reinhardt Howeler na Ewald Sieverding walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba muhogo uliopandwa kwenye udongo wenye fosforasi kidogo, baada ya kuvu kuuawa, hudumaa vibaya. Ukirudishiwa kuvu, unakua. Sifa ya muhogo ya kustahimili udongo maskini, ambayo imewaokoa watu wa pwani katika miaka mingi ya njaa, kwa kiasi kikubwa ni sifa ya kuvu.

Kuna mazao yasiyoshirikiana nazo. Sukuma wiki na kabeji hazina mikoriza, na mchicha kwa kawaida hauna au unayo kidogo sana. Si kosa kuyalima, tunayahitaji. Lakini shamba linalolimwa hayo tu, msimu baada ya msimu, linazinyima kuvu chakula. Kunde au mahindi yakipandwa kati, au nyasi zikiachwa kwenye mipaka, kuvu hubaki na mahali pa kuishi. Kulima kwa kugeuzageuza udongo kila mara hukata nyuzi zilizokwisha kutandazwa. Mbolea nyingi ya fosforasi nayo huufanya mmea uache kuita, kwa kuwa umeshiba. Mbolea kidogo iliyowekwa shimoni, samadi, na udongo uliofunikwa kwa mimea hai au majani hukaa pamoja na kuvu bila shida.

Madukani kuna paketi za kuvu zinazouzwa kama dawa ya udongo. Kuanzia 2009 mradi wa COMPRO, ulioendeshwa Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulizipima bidhaa za kibayolojia za namna nyingi, na chache tu ndizo zilizothibitika kufanya kazi. Kuvu iliyozoea udongo wa mbali haina hakika ya kushindana na zile zilizokwisha kuzoea matumbawe ya Funzi au wekundu wa Nguluku. Kabla ya kununua za wengine, tuzijue zetu.

Hili linanileta kwenye jambo lenye uzito kuliko yote katika sura hii. Mgodi wa titani wa Base Titanium, eneo la Maumba na Nguluku, ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kufunga kazi Desemba 2024. Machimbo ya mawe ya matumbawe, barabara na mashimo ya mchanga nayo yanaendelea kuifunua ardhi ya Kwale. Popote ardhi inapochimbwa kwa utaratibu, udongo wa juu hukwanguliwa kwanza, hulundikwa, kisha hurudishwa kazi ikiisha. Tafiti za migodi ya nchi nyingine zimeonyesha kinachotokea ndani ya lundo: mizizi hufa, kuvu hukosa mlezi, na kadiri lundo linavyokaa, hasa likiwa na unyevu, ndivyo uwezo wa udongo huo kuambukiza mizizi mipya unavyopungua. Kinachorudishwa kina rangi ile ile ya awali, lakini walio hai wamepungua.

Dawa yake inajulikana. Udongo wa juu usilundikwe ukiwezekana. Uhamishwe moja kwa moja hadi sehemu inayorudishiwa uhai. Ikibidi kulundikwa, lundo liwe la chini, lipandwe nyasi mara moja, na lisikae miaka. Mimea ya kwanza kurudishwa iwe ile inayoshirikiana na kuvu, nyasi za kienyeji zikitangulia, kwa kuwa mizizi yao mingi huzizalisha haraka. Na kila mkataba wa kurudisha ardhi utaje kuvu: zipimwe kabla ya kuchimba, zipimwe tena baada ya kupanda. Leo tunahesabu miche iliyopandwa na kupiga picha. Mche uliopandwa kwenye udongo usio na washirika wake unaweza kusimama mwaka mmoja kwa maji na mbolea, kisha ukafa wapigaji picha wakiwa wameshaondoka.

Kwale inahitaji orodha ya kuvu zake, kutoka nyuma ya mikoko ya Funzi hadi kilele cha Shimba. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji vichujio, hadubini, wino na siki, Makumbusho ya Taifa kufungua milango kwa vijana wa kaunti, na walimu walio tayari kuanza. Sampuli za DNA zinaweza kufuata. Kaunti ikiwa na orodha hiyo, itaweza kumwambia mwekezaji, kwa ushahidi, alichokikuta udongoni na anachodaiwa kukiacha. Bila orodha hiyo, tutaendelea kupokea mchanga uliopangwa vizuri na kuuita ardhi.